Jibu lisilale kwenye rejista: shajara ya mradi wa taarifa za maabara, halmashauri moja mkoani Dodoma

Shajara hii ni kwa timu za afya za halmashauri nyingine zitakazotaka kuiga kazi hii, au angalau kukwepa mashimo tuliyoyaangukia. Eneo la mradi ni hospitali moja, vituo vya afya viwili na zahanati nne. Majina ya vituo hayatajwi. Hakuna mashine mpya wala programu mpya. Kinachoshughulikiwa ni safari ya jibu kutoka rejista ya maabara hadi kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri, ambaye ndiye anayeingiza taarifa kwenye mfumo wa wizara ulio juu ya DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za afya.

Tatizo kwa ufupi: ripoti ya wiki hujazwa kutoka kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani kile alichoandika mganga mgonjwa alipoingia. Mtu aliyeandikwa "homa" Jumanne, jibu lake likatoka Alhamisi na kusema jambo jingine kabisa, anabaki "homa" kwenye ripoti. Rejista ya maabara iko chumba cha pili, lakini anayejaza ripoti haifungui.

Jumatatu, 5 Februari 2024 (wiki ya 6): kupima ucheleweshaji kabla ya kugusa chochote

Tulinakili mistari ya miezi mitatu, Novemba hadi Januari, kutoka rejista za hospitali na vituo viwili vya afya. Tulichukua tu majibu ya magonjwa ambayo Mfumo Jumuishi wa Ufuatiliaji wa Magonjwa unayadai, chanya na hasi. Kila mstari tuliutafutia tarehe nne: sampuli ilipochukuliwa, ilipopokelewa maabara, jibu lilipotoka, na mratibu alipopata habari. Tatu za mwanzo zinatakiwa ziwe kwenye rejista. Ya nne tuliitafuta kwenye fomu za taarifa na kwenye orodha ya simu za mratibu mwenyewe.

Tulitegemea kukuta maabara ndiyo inayochelewa. Haikuwa hivyo. Vipimo vinavyofanyika hapahapa vingi vilitoka siku hiyohiyo. Kati ya jibu kuandikwa na mratibu kuambiwa ndipo zilipopotea siku sita, ukichukua thamani ya katikati. Wastani tuliuacha, kwa sababu majibu machache yaliyokaa mwezi mzima yanauvuta juu. Sampuli zinazopelekwa maabara za juu zina ugonjwa wake: jibu linarudi hospitali, kituo kilichochukua sampuli hakiambiwi.

Gharama (zote kwa shilingi): kopi 18,000, nauli na chakula cha mchana kwa wawili, siku nne, 160,000.

Jumatatu, 19 Februari (wiki ya 8): picha za WhatsApp, zimeshindwa

Njia ya kwanza ilikuwa rahisi kupita kiasi: kila jioni mkuu wa maabara apige picha ukurasa wa siku hiyo na kuutuma kwenye kundi. Ilidumu siku tisa, tukaisimamisha wenyewe.

Sababu kubwa ni siri ya mgonjwa. Ukipiga picha mstari mmoja unapata na majirani zake, na majirani hao wana vipimo visivyohusiana kabisa na milipuko. Jina, umri, na jibu la mtu ambaye hakuna anayemtafuta linakaa kwenye simu za watu kumi na mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haihitaji wakili kukueleza kwamba hapo umekosea. Na kufuta kundi hakutoshi: simu nyingi zilikuwa zimeshahifadhi picha kwenye galari, nyingine kwenye akaunti ya mtandaoni. Ilibidi simu moja moja ipitiwe mbele ya mwenyewe.

Sababu ya pili ni ya kikazi. Picha haihesabiki. Mratibu alikuwa anakaa usiku kunakili upya mwandiko aliousoma kwa kubahatisha, na picha nzuri kuliko zote bado haikuwa na kijiji, kwa kuwa rejista yenyewe haikuwa nacho.

Gharama: bando 30,000, zimepotea.

Jumatatu, 4 Machi (wiki ya 10): muhuri

Wazo lililobaki ni kulazimisha taarifa iandikwe mahali inapozaliwa. Fomu ya kuomba kipimo haina nafasi ya kijiji wala ya saa, na kuchapisha fomu mpya kungehitaji vibali na pesa. Tukachonga mihuri: nafasi za tarehe nne, kijiji au mtaa, kitongoji.

Mihuri mitatu ya kwanza ilikuwa sentimita 9 kwa 3 na ilikusudiwa kugongwa ndani ya rejista. Muhuri mmoja ulifunika mistari mitatu ya wagonjwa. Hakuna aliyeshika rula kabla ya kwenda kwa mchonga mihuri. Kila mtu alidhani mwenzake amepima. Seti ya pili ni sentimita 7 kwa 2, inagongwa nyuma ya fomu ya kuomba kipimo, upande ambao siku zote ulikuwa mtupu. Fomu inafuatana na sampuli, kwa hiyo mapokezi ya maabara yanajaza tarehe ya kupokea palepale.

Ukiiga: kata karatasi kwa ukubwa wa muhuri, iweke juu ya fomu, jaribu kuandika ndani yake kwa kalamu ya kawaida. Nafasi ya tarehe isipungue sentimita 2. Wino uwe wa bluu. Mweusi unachanganyika na maandishi ya fomu, na kopi hafifu inaumeza.

Kwenye kila maabara kuna kaunta buku moja ya majibu ya kutolewa taarifa tu. Safu zake ni namba ya maabara, umri, jinsia, kitongoji, kipimo, jibu, tarehe nne, na saini ya aliyepiga simu. Jina halimo. Mratibu akihitaji jina kwa ajili ya kumfuata mgonjwa, analiomba kwa namba ya maabara.

Gharama: mihuri ya kwanza 90,000 (imetupwa), ya pili 75,000, pedi na wino 24,000, kaunta buku saba 31,500.

Jumatatu, 25 Machi (wiki ya 13): saa sita zinazopotea

Wiki tatu za kwanza za muhuri zilitoa muda wa majibu usioeleweka. Sampuli nyingine jibu lilitoka kabla hazijapokelewa.

Chanzo ni saa. Mtu wa mapokezi anatazama ukuta, anaona mshale uko kwenye tisa, kichwani anasema saa tatu, anaandika 3. Mashine inachapa 09. Mfano wa kwanza: imepokelewa 2:40, jibu la mashine 10:05. Kompyuta inasema saa saba na dakika ishirini na tano. Kweli ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano, maana 2:40 ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Mfano wa pili: imepokelewa 14:20 na mtu anayefuata simu yake, jibu likaandikwa 9:30 na mwenzake anayefuata kinywa chake. Kompyuta inatoa hasi saa nne na dakika hamsini. Ukweli ni saa moja na dakika kumi.

Hasi zinajitangaza zenyewe. Hatari iko kwenye mfano wa kwanza. Muda wa saa saba unaonekana wa kawaida kabisa, unapita bila kuulizwa, na unaifanya maabara inayofanya kazi vizuri ionekane imelala.

Dawa ya kwanza ilikuwa tangazo: kila mtu aandike kwa saa 24. Ilishika siku mbili. Foleni ikiwa ndefu, mkono unaandika kile ambacho mdomo umezoea kusema, na ukikuta 08:40 hujui kama ni kabla au baada ya mchana, kwa sababu saa nane na dakika arobaini nayo ipo.

Dawa iliyokaa ni kuikubali saa ya Kiswahili na kuiongezea herufi moja. M ni mchana, kuanzia saa 12 alfajiri hadi kabla ya saa 12 jioni. U ni usiku, kuanzia saa 12 jioni hadi kabla ya saa 12 alfajiri. Hakuna asubuhi, alasiri wala magharibi. Herufi zikizidi mbili ubishi unaanza upya. Kwenye Excel saa inaingizwa safu ya B, dakika safu yake, herufi safu ya C, na fomula ni hii:

=MOD(MOD(B2,12)+IF(C2="M",6,18),24)

Saa 3 M inatoa 9. Saa 9 M inatoa 15. Saa 12 M inatoa 6, na saa 7 U inatoa 1. Saa zilizochapwa na mashine zina safu yake, haziguswi na fomula.

Kilichobaki ni zamu ya usiku. Anayepokea sampuli saa 7 U huacha tarehe ya jana, kwa sababu kwake siku haijaisha mpaka kuche. Tumeweka kanuni kwamba tarehe inabadilika saa 6 U, imebandikwa ukutani juu ya benchi. Bado inavunjwa, kila Jumatatu tunapitia mistari ya U kwa mkono.

Jumatatu, 8 Aprili (wiki ya 15): wiki na tarehe kwenye kompyuta

Mambo mawili madogo yaliyokula siku mbili.

Wiki ya ufuatiliaji inaanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Fomula ya WEEKNUM, ukiiacha ilivyo, inaanza Jumapili. Mwaka 2024 ulianza Jumatatu, kwa hiyo siku sita zinakubaliana na Jumapili peke yake inarukia wiki inayofuata. Vituo vya afya havionyeshi kosa kwa sababu Jumapili kazi ni chache. Hospitali inayopokea dharura inalionyesha, lakini kidogo kidogo, na ndiyo maana lilikaa muda mrefu. Tumia ISOWEEKNUM, au WEEKNUM yenye 21 mwishoni.

Kompyuta pia ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani. 5/3/2024 ikawa tarehe 3 Mei. 25/3/2024 haikuwezekana, ikabaki maandishi. Dalili: tarehe nzima hujipanga kulia mwa kisanduku, zilizogoma hukaa kushoto. Ukiona kushoto kuna hata moja, basi zile za kulia zenye siku 1 hadi 12 nazo usiziamini. Sasa siku, mwezi na mwaka vina safu tatu, na DATE inaviunganisha.

Jumatatu, 22 Aprili (wiki ya 17): Mlowa ipi?

Ramani ya kwanza ya majibu chanya ilionyesha kila ugonjwa unatokea kata moja: kata ya hospitali. Mahali pasipojazwa, mwingizaji alikuwa anaweka anuani ya maabara. Ukiiacha ramani hiyo imfikie mtu wa juu, timu itatumwa kutia dawa visima vya watu wasio na ugonjwa.

Tukaanza kuuliza. Swali la kwanza lililotumika mapokezi lilikuwa "Unatoka wapi?" Ni swali baya. Mtu anayeishi Dodoma mjini miaka kumi anajibu "Kondoa", maana ameulizwa kwao. Likabadilishwa kuwa "Unakaa wapi?", likawa afadhali, lakini anayekuja mjini kuuguzwa kwa dada yake anataja nyumba ya dada. Sasa maswali ni mawili na yanaulizwa hivihivi: "Mama, jana ulilala wapi?" na "Wiki iliyopita yote ulikuwa unalala wapi?" Kwa kipindupindu la pili ndilo lenye thamani, kwa kuwa dalili huanza ndani ya saa chache hadi siku tano baada ya kumeza vimelea. Kwa wafugaji wanaohama na mifugo na wachimbaji wadogo, majibu mawili hutofautiana mara nyingi. Andika yote.

Kisha yako majina. "Mlowa" peke yake haitoshi: Chamwino ina Mlowa Barabarani na Mlowa Bwawani. "Mvumi" inaweza kuwa Mission au Makulu. "Makulu" pekee inaweza kuwa Mvumi Makulu au Dodoma Makulu, moja iko Chamwino na nyingine iko ndani ya jiji. Majengo usiseme, karibu kila mji una Majengo yake. Ongeza mwandiko unaobadilishana r na l, na orodha ya vijiji inavimba kuliko halmashauri yenyewe.

Tulichapisha orodha ya kata, vijiji na vitongoji, kila kitongoji na namba yake, tukaipitisha kwenye plastiki na kuitundika mapokezi. Anayeandika anaweka namba. Jina linaandikwa pembeni ili kukagua. Vijiji vya halmashauri jirani vimewekwa ukurasa wa mwisho, vile tu vinavyoleta wagonjwa. Jibu chanya la huko mratibu wetu anampigia mratibu wa huko siku hiyohiyo, na anaandika kwamba amepiga.

Gharama: kurasa 28 za plastiki, 42,000.

Jumatatu, 20 Mei (wiki ya 21): sifuri mbili

Zahanati mbili ziliripoti malaria sifuri kwa wiki tatu. Dodoma ni mkoa wa maambukizi ya chini, kwa hiyo sifuri haikumshtua mtu. Moja ilikuwa imepima na haikukuta. Nyingine haikuwa na mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, hata moja kwenye kabati.

Safu mpya kwa kila kipimo: waliopimwa, waliokutwa nacho, siku bila kitendanishi. Ripoti isiyo na "waliopimwa" hairudishwi kama kosa. Mratibu anapiga simu, anauliza, anajaza mwenyewe. Tulipokuwa tunairudisha, watu walijifunza kuandika namba yoyote ili isirudi.

Kilichokosekana huko nyuma hakirudi. Ile miezi mitatu ya mwanzo haina siku za kukosa vitendanishi, hivyo hatuitumii kulinganisha idadi ya wagonjwa, inatumika kulinganisha ucheleweshaji tu.

Jumatatu, 10 Juni (wiki ya 24): Widal

Hapa ndipo palipokuwa na ubishi mrefu kuliko yote, na haujaisha.

Majibu yalipoanza kumfikia mratibu bila kuchujwa, homa ya matumbo iliongoza kwa mbali. Karibu yote yalikuwa Widal ya tone kwenye kioo, mara moja, mgonjwa wa nje. Widal inatafuta kingamwili. Haioni kimelea chenyewe. Aliyeugua zamani anaweza kuonyesha, salmonela za aina nyingine zinaweza kuonyesha, na usomaji wa kuganda kwenye kioo unategemea jicho na taa. Kipimo kimoja hakithibitishi homa ya matumbo. Kinachothibitisha ni kuotesha damu, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Na huku wengi wanafika wakiwa wameshapitia duka la dawa.

Hatukutaka kuifuta Widal, kwa kuwa mganga ataendelea kuiomba na mgonjwa ataendelea kuilipia. Tukaongeza safu ya nguvu ya ushahidi yenye ngazi tatu. Ngazi ya 1 ni kimelea kuoteshwa, PCR (kipimo cha vinasaba vya kimelea), au jibu la maabara ya rejea. Ngazi ya 2 ni vipimo vya haraka, pamoja na Rose Bengal kwa homa ya kutupa mimba inayotoka kwa mifugo. Ngazi ya 3 ni Widal. Ngazi ya 1 peke yake ndiyo inayohesabiwa "aliyethibitishwa", isipokuwa malaria, ambako mRDT na hadubini vinakubalika. Ngazi ya 2 inaanzisha simu na sampuli ya kuthibitisha. Ngazi ya 3 inahesabiwa kando, haianzishi lolote yenyewe.

Wiki iliyofuata, homa ya matumbo iliyothibitishwa ikawa sifuri. Mganga mfawidhi mmoja akaandika pembeni ya ripoti: "Mmeufuta ugonjwa kwa kalamu." Hoja yake si ya kupuuza. Homa ya matumbo ipo. Tusichokuwa nacho ni chupa za kuotesha damu kwenye vituo vya afya. Ripoti sasa ina mstari unaosomeka: waliooteshwa damu, wangapi. Ukiwa sifuri, msomaji anajua kwamba sifuri ya waliothibitishwa haina maana yoyote.

Rose Bengal chanya zinapelekwa pia kwa ofisa mifugo wa kata, kijiji na tarehe tu. Kwa mkoa ulioumia vile kwenye mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2007, ugonjwa mwingine unaotoka kwa mifugo, ni ajabu kwamba hilo halikuwa likifanyika. Yeye naye anatupa habari za mbuzi na ng'ombe wanaotupa mimba kwa wingi, na hizo hutangulia wagonjwa.

Jumatatu, 1 Julai (wiki ya 27): kosa tulilolileta wenyewe

Tulipolinganisha tarehe za taarifa za wagonjwa *wanaoshukiwa*, zilikuwa zimechelewa kuliko Januari.

Waganga walikuwa wameelewa kwamba sasa maabara inaripoti, hivyo wao wanangoja jibu. Mtoto mwenye homa, vipele na macho mekundu alichukuliwa damu Ijumaa, na mratibu akasikia baada ya jibu la IgM, kingamwili ya surua, kurudi. Hilo ni kinyume na kanuni yenyewe: surua, kipindupindu, ulegevu wa ghafla wa viungo kwa mtoto, na mengine ya orodha ya haraka yanaripotiwa ndani ya saa 24 kwa kushukiwa tu. Jibu la maabara linakuja baadaye kuthibitisha au kuondoa.

Marekebisho: fomu ya kuomba kipimo cha ugonjwa wa orodha ya haraka haipokelewi maabara bila namba ya taarifa kutoka kwa mratibu. Sampuli inapokelewa na kuhifadhiwa, haikataliwi kamwe. Fomu ndiyo inayosubiri, na mtu wa maabara anapiga simu mwenyewe kuomba namba. Dakika tano. Kwenye kaunta buku kuna tarehe ya tano sasa, ya taarifa ya kushukiwa, na imebidi iandikwe kwa mkono kwa sababu muhuri hauna nafasi. Kama unaanza leo, chonga muhuri wenye tano.

Jumatatu, 15 Julai (wiki ya 29): kasha moja la barafu

Sampuli tatu za kuhara maji kutoka kituo cha afya zilifika hospitali kwenye Cary-Blair (dutu ya kutunzia kinyesi njiani), zimezungukwa na barafu. Kipimo cha haraka cha kipindupindu kwenye kituo kilikuwa kimeonyesha chanya kwa mmoja. Kuotesha kwenye TCBS, sahani ya kuoteshea vibrio, yaani vimelea vya kipindupindu, hakukutoa koloni za njano hata moja. Jibu likawa "hakuna vibrio", na sisi hatuwezi kuapa kama hakukuwa na vimelea au vilikufa njiani kwa baridi. Walifuatiliwa kijijini kama washukiwa, hakuna wapya waliopatikana.

Bodaboda alikuwa amebeba kasha moja, ndani mna seramu ya surua. Aliyefunga alifuata alichofundishwa kwa chanjo: sampuli ni barafu. Na alikumbuka kwamba kinyesi cha mtoto aliyelegea viungo huenda na barafu. Ni kweli, huenda. Ndiyo mtego wenyewe, vyote ni kinyesi.

Kadi iliyobandikwa kwenye kila kasha sasa inasomeka hivi:

Utepe mwekundu, na barafu, nyuzi 2 hadi 8: seramu ya surua (damu mililita 5, ikiisha kutengana, damu nzima usiigandishe), kinyesi cha ulegevu wa viungo, mara mbili, kwa kupishana saa 24 hadi 48, ndani ya siku 14 tangu kulegea, ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima.

Utepe mweupe, bila barafu, kivulini: kinyesi au pamba ya njia ya haja kubwa kwenye Cary-Blair kwa kipindupindu, maji ya uti wa mgongo ya kuoteshwa.

"Kivulini" imeandikwa baada ya kasha jeupe la kwanza kusafiri juu ya tangi la pikipiki mchana wa jua. Kasha la utepe mweupe halina haja ya kuwa la gharama. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza inatosha, ikiwa chupa imo ndani ya chombo cha pili kisichovuja, kimezungushiwa pamba ya kufyonza. Kwa kipimo cha haraka, vituo vinavyoweza vinatanguliza maji ya peptoni yenye alkali kwa saa nne hadi sita kabla ya kuchovya; chanya za uongo zinapungua.

Gharama: makasha matatu 105,000. Bodaboda na vifurushi vya mabasi, Machi hadi katikati ya Julai, 186,000.

Jumatatu, 5 Agosti (wiki ya 32): hali ilivyo

Matumizi yote hadi leo ni 761,500. Kati ya hizo, 120,000 ni mihuri iliyotupwa na bando za picha.

Kutoka jibu hadi kwa mratibu, thamani ya katikati hospitali imeshuka kutoka siku sita hadi siku moja. Kituo kimoja cha afya kiko hapohapo. Cha pili kilikwenda vizuri hadi mkuu wa maabara alipochukua likizo, na kaunta buku ikakaa siku kumi na moja bila mstari mpya huku rejista ikiendelea kujaa. Kila maabara sasa ina majina mawili kwenye jalada la kaunta buku, na la pili ndilo linalopiga simu kila Ijumaa hata kama wa kwanza yupo, ili mkono usisahau.

Majibu ya maabara za juu bado hayajatatuliwa. Tumejaribu kuandika namba ya simu ya kituo kwenye fomu; jibu bado linarudi hospitali. Kuanzia wiki ya 33 karani wa mapokezi hospitali atakuwa na orodha ya sampuli zilizotoka, kila moja na tarehe ya kutegemea jibu, na ataulizia iliyopitiliza siku tatu. Zahanati mbili zisizo na mtandao wa uhakika zinatuma kwa ujumbe wa kawaida wa simu: namba ya kituo, wiki, waliopimwa, waliokutwa, siku bila kitendanishi, zikitenganishwa kwa nukta. Mkato ulijaribiwa kwanza, lakini kwenye simu zao ndogo uko mbali na kidole.